Mbio za Mwenye Kungoja Barua

Kungoja ni kazi, na ni kazi isiyokuwa na mshahara wala sikukuu. Mwenye kungoja mgonjwa apone, mwenye kungoja mwana arudi safari, mwenye kungoja kesi ikatwe, wote hao huamka asubuhi na mzigo uleule waliolala nao. Walakini katika zama zetu hizi pamezuka kungoja kwa namna nyingine, ambako wazee wetu hawakukujua sana, nako ni kungoja barua ya kazi. Mtu amesoma, amefaulu, ameandika maombi, amepeleka nakala za vyeti zilizopigwa muhuri, kisha anaambiwa, "Subiri." Haambiwi asubiri mpaka lini, wala haambiwi barua yake iko katika meza ya nani.

Sisi watu wa pwani tulifunzwa kungoja na pepo. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi na yakarudi na kusi, na baina ya pepo mbili hizo mabaharia walikaa Mombasa, Lamu, Unguja na Kilwa miezi kadhaa, kwani hapana mwanadamu awezaye kuuvuta upepo kwa kamba. Lakini nani aliyewaona wamelala pwani siku zote hizo? Chombo kilipandishwa mchangani kikakalafatiwa kwa pamba, kikapakwa sifa juu na deheni chini. Matanga yakatandazwa yakashonwa palipochanika. Kusi haikuja mapema hata kwa siku moja kwa sababu wao walishona tanga. Ilikuja kwa wakati wake, na chombo kilikuwa tayari kutweka.

Nayasema haya kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye yumo katika mwaka wa tatu wa kungoja barua, na ambaye watu wa mtaani kwetu wanamwita mwendawazimu kwa kuwa anakimbia.

Mimi nimezaliwa Pangani na chuo changu cha kwanza kilikuwa huko, lakini riziki ilinileta bara, na sasa ni zaidi ya miaka 30 nasomesha watoto Kurani hapa Lumemo, katika mji wa Ifakara, bonde la Kilombero. Msomaji asiyepajua na aifikirie picha hii: upande wa kaskazini-magharibi milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta wa kijani, chini yake ni mashamba ya mpunga, tambarare kama sinia, na kutoka milimani humo unateremka mto Lumemo, ambao wakati wa kiangazi watoto huuchezea, na wakati wa masika huingia majumbani bila ya kubisha hodi. Udongo wetu ni mweusi. Ukinyeshewa hushika kiatu mpaka mtu akajiona amevaa matofali.

Huyu mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Amefundisha hesabu miaka 11. Lakini tangu utoto wake moyo ulikuwa katika darubini, na sababu yake ni hapa hapa Ifakara. Maana tangu mwaka 1957, Waswisi walipoanzisha maabara ndogo ya utafiti ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, watoto wa mji huu wamekua wakiwaona watu wazima, wenye elimu na heshima zao, wakikamata mbu na kuwahesabu. Jambo hilo lilimkaa kichwani. Alipopata nafasi akaomba ruhusa ya masomo, akaenda chuo miaka mitatu, akarudi na stashahada ya maabara. Alidhani atahamishwa kazi baada ya mwezi au miwili. Akaambiwa arudi darasani na chaki yake mpaka kibali cha kubadilishiwa kada kitakapotoka.

Mwaka wa kwanza wa kungoja aliutumia barazani. Nilimwona kwa macho yangu. Simu mkononi, kila lilipopita neno kwamba "majina yametoka" yeye huyo mbio kutafuta mtandao, na majina yakawa ni ya watu wengine au si majina kabisa. Baada ya sala ya alfajiri alirudi kulala. Akawa mkali kwa watoto, mzito kwa mkewe, na tumbo likaanza kumtangulia. Mtu aliyeondoka hapa mchangamfu akawa anajibu salamu kama anayelipa deni.

Mbio zilianza bila ya nia. Siku moja alikwenda Kibaoni kufuata karatasi fulani, akaambiwa mwenye muhuri hayupo, na kwa hasira hakupanda pikipiki kurudi. Alirudi kwa miguu, nusu akitembea na nusu akikimbia. Usiku ule, kwa maelezo yake, alilala kama mtoto. Kesho yake akatoka tena. Baada ya miezi mwalimu mwenziwe akamwonyesha picha za watu wanaokimbia milimani mchana na usiku, akashikwa.

Yafaa niwaeleze wasomaji mbio hizi ni kitu gani, kwani mimi nami nilieleza mara nyingi msikitini. Marathoni, kama wengi wajuavyo, ni kilomita 42 na mita 195. Kila mbio zinazopita hapo huitwa ultramarathoni: kilomita 50, 80, 100, hata 160 na zaidi. Na nyingine hazipiti barabarani ila katika vijia vya milimani, juu ya mawe, matope na mizizi. Huko Marekani, katika milima ya California, palikuwa na mashindano ya farasi ya maili 100, yaani kilomita 161, ambayo mpandaji alitakiwa ayamalize kwa siku moja. Mwaka 1973 farasi wa mtu mmoja, Gordy Ainsleigh, alichechemea akashindwa. Mwaka 1974 mtu yule akaja bila ya farasi. Akapita njia ileile kwa miguu yake mwenyewe, akafika kwa saa 23 na dakika 42. Kutokana na kioja hicho yakazaliwa mashindano ya watu. Na Ulaya, tangu mwaka 2003, watu huuzunguka mlima wa Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, masafa ya kama kilomita 170.

Aliposikia hayo mzee mmoja wa jamaa zetu alisema, "Haya ni mambo ya Wazungu walioshiba." Nami nikamkumbusha matarishi. Barua ya serikali na ya tajiri, kabla ya reli na motokaa, iliingia bara kwa miguu ya mtu mweusi, imebanwa katika ncha ya fimbo iliyopasuliwa, naye akipita msitu na mto kwa haraka awezayo. Wapagazi walitoka Bagamoyo mpaka Ujiji, zaidi ya kilomita elfu, na mzigo juu ya bega. Hata khabari ya Maji Maji, mwaka 1905, ilifika katika bonde letu hili kwa miguu, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo boma la Mahenge likashambuliwa. Waliokwenda masafa hayo hawakupewa medali. Tafauti ni kwamba wao walitumwa, na huyu wa leo anajituma.

Wala si wa zamani tu. Simon Mtuy, mzaliwa wa miteremko ya Kilimanjaro, alianza kwa kubeba mizigo ya wageni, akawa kiongozi wa wapanda mlima, kisha akawa mwenye shughuli yake mwenyewe ya kuwaongoza. Mwezi wa Februari 2006 aliupanda mlima ule wenye mita 5,895 na akateremka kwa muda wa saa 9 na ushei, akijibebea chakula na maji yake, bila ya msaada wa mtu. Wageni huchukua siku tano mpaka nane. Mpwa wangu hupenda sana kisa hiki, na najua sababu: ni kisa cha mtu aliyebadili kazi kwa miguu yake.

Mimi kisa nikipendacho ni cha John Stephen Akhwari wa Mbulu, ila nakipenda kwa upande usiosimuliwa. Kila mtu amesikia kwamba mwaka 1968 huko Mexico alianguka, akaumia goti na bega, na akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda, jua limekwisha kuchwa. Wenzake 18 walikuwa wamekwisha kujitoa. Sawa. Lakini wangapi wanajua kwamba mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15? Baina ya goti lile lililofungwa bendeji na nafasi ile ya tano pana miaka miwili, na miaka miwili hiyo hakuna aliyeipiga picha. Hiyo ndiyo miaka nimwambiayo mpwa wangu aitazame.

Sasa niingie katika mazoezi yenyewe, kwani kuna mengi niliyojifunza kwa kuuliza.

Kwanza, mwenye kutaka kwenda mbali hukimbia polepole. Hili liliwashangaza vijana wote. Siku nyingi za juma huenda mwendo ambao anaweza kuzungumza bila ya kuhema, na kila juma huongeza masafa kidogo tu. Na baada ya majuma matatu ya kuongeza, la nne hupunguza ili mifupa na mishipa ipate kujijenga. Mwili, asema, haujengwi wakati wa kukimbia ila wakati wa kulala. Jumamosi huenda mbali, na Jumapili huenda tena kwa miguu iliyochoka, ili miguu izoee kufanya kazi ikiwa haitaki.

Pili, mlimani hutembea. Siku moja nilipanda pikipiki kumfuata mpaka vijia vya mashamba vinavyoelekea miguuni mwa Udzungwa, nikaona jambo lenyewe. Palipoinuka akainama, mikono juu ya mapaja, akaenda hatua fupi fupi kama mzee mwenzangu. Mwenye pikipiki akanigeukia kwa masikitiko, "Sheikhe, mbona huyu anatembea?" Lakini tulipofika juu alikuwa hahemi, akaanza kushuka, na hapo ndipo nilipoambiwa kwamba kushuka huumiza mapaja kuliko kupanda, kwa kuwa msuli huvutika huku unazuia uzito. Wengi huharibikiwa njiani kwa sababu ya mteremko waliouona mwepesi.

Tatu ni chakula na maji. Hubeba ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, na tende, ambazo mimi humpa na sidai. Hubeba na chumvi. Nilidhani khatari ni kiu peke yake, naye akanieleza kwamba mtu akitoka jasho saa nyingi kisha akanywa maji mengi matupu, chumvi ya damu hupungua, akachanganyikiwa na hata kufa. Kwa hiyo hunywa anaposikia kiu, na hutia chumvi. Katika hayo niliisikia ile stashahada yake ikizungumza; hapana aliyekuwa ameiomba izungumze muda mrefu.

Milimani kwenyewe haingii ovyo. Udzungwa ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992. Mtu huingia kwa kibali, kiingilio na kiongozi, na tembo hawaulizi mtu amebakisha kilomita ngapi. Mara moja alijikusanyia akiba akalipa, akapanda na kiongozi kwenye maporomoko ya Sanje, yaliyo na urefu wa mita 170. Siku nyingine hubaki katika vijia vya nje, vya wakulima na vya wanawake wenye kuni vichwani, ambao kusema kweli ndio mabingwa wa njia hizo, na hawajui kwamba mchezo wao una jina.

Ama maneno ya watu, yalikuja mengi. Vijana wa kijiweni walitaka kuwekeana dau kwamba hatamaliza kilomita 50. Nikawaita, nikawaambia kamari ni kamari hata ikiwekwa juu ya mguu wa jirani, wakaacha, au wakaacha mbele yangu. Yeye naye aliniletea maswali. Aliuliza juu ya kaptula, nikamwambia mpaka wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, basi avae suruali nyepesi inayoshuka chini ya magoti. Aliuliza juu ya Ramadhani, nikamwambia faradhi haingojei mashindano. Akafanya mazoezi mafupi karibu na magharibi, ili maji yasiwe mbali. Aliuliza sala ya adhuhuri njiani, nikacheka: ardhi yote ya bonde hili ni pana, na dakika chache za kusujudu hazijampotezea mtu ushindi. Hata mchezo wenyewe hauna aibu kwetu; Mtume, rehema na amani zimfikie, alishindana mbio na Bibi Aisha, na katika masahaba Salama bin al-Akwaa alisifika kwa kukimbia kwa miguu.

Lakini lililokuwa zito halikutoka kwake. Lilitoka kwa mkewe. Alikuja nyumbani kwangu baada ya alasiri, akaketi na mke wangu kwanza, kama ipasavyo, kisha wakaniita. Akasema, "Shikamoo, baba. Sikuja kumshitaki kwa mbio. Tangu aanze mbio hapigi kelele, nashukuru. Nimekuja kwa sababu ya shule. Mwalimu mkuu amesema naye mara mbili. Anafika amechoka, anawapa watoto hesabu za ubaoni, anaketi. Anasema yeye si wa pale tena."

Nilimwita usiku uleule. Akaja, akasalimu, akaketi ukingoni mwa mkeka kama zamani alipokuwa mwanafunzi wangu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mshahara wa mwezi uliopita umeula?"

"Nimeula, mjomba."

"Ulikuwa wa darubini au wa chaki?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, miaka mitatu. Moyo wangu haumo tena mle darasani."

Nikamwambia kwamba sikumwuliza habari ya moyo. Mle darasani mna watoto, wengine ni wa chuo changu nawajua kwa majina, na mtoto wa darasa la nne hana habari kwamba mwalimu wake anangoja barua. Mwaka wake wa darasa la nne ni huu. Hautarudishwa na ofisi yoyote kwa kibali chochote. Nikamwambia na hili, ambalo sikupenda kulisema: kwamba mbio nazo zaweza kuwa kileo. Mtu aweza kuikimbia nyumba yake, darasa lake na nafsi yake kilomita 30 kila Jumamosi, na watu wakamsifu kwa siha. Alama yake ni moja. Atazame akirudi anamkuta nani amepunjwa.

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Basi niache?"

Sikumwambia aache, na sababu yangu ni hii. Katika jambo la barua, akikesha au akilala ni sawasawa. Hakuna aliwezalo kuongeza. Mtu akikaa muda mrefu katika hali hiyo, ambayo juhudi yake haina uzito popote, huanza kuamini kwamba juhudi haina uzito mahali pote, hata nyumbani, hata katika ibada. Ugonjwa huo nimeuona kwa vijana wengi wenye vyeti, na nauogopa kuliko ufukara. Ama katika mbio, aliyoyafanya Jumanne huyaona Jumamosi. Hapana muhuri baina yake na kilima. Kumnyang'anya hilo, na barua haijaja, ingekuwa kumrudisha barazani na simu yake.

Wala sikumwambia kwamba mbio zitaleta barua. Kila aliyekwenda Makka amepita baina ya Safa na Marwa mara saba, akifuata nyayo za Bibi Hajar alipokimbia kumtafutia mwanawe maji katika bonde lisilo na mmea. Nimesomesha kisa hicho miaka mingi, na jambo moja hunisimamisha kila mara: maji hayakutoka Safa, wala hayakutoka Marwa. Yalitoka alipomlaza mtoto, mahali ambapo hakuwa akikimbilia. Na bado mbio zake ndizo tunazozifuata mpaka leo.

Tukakubaliana masharti. Siku za shule mwisho wake kilomita kumi, na awe amerudi, ameoga na kula kabla ya kengele. Masafa marefu ni siku za mapumziko peke yake. Jumapili moja katika kila mwezi ni ya mkewe na watoto, hata kama mwezi huo una mashindano. Daftari za watoto zisahihishwe siku ileile. Sharti hili la mwisho alilijadili sana kuliko yote. Wana 70 na zaidi darasani, na mimi nilikuwa nimesahau hesabu hiyo. Tukalifanya siku mbili.

Barua mpaka naandika haya haijafika. Mtu mmoja wa ofisi inayohusika alimwambia faili limeonekana, na neno "limeonekana" lilimfurahisha kwa siku tatu, kisha akaacha kulitaja. Amechora umbo la mbu ubaoni, na mwalimu mkuu, nasikia, amempa vipindi vya sayansi juu ya vile vya hesabu.

Mvua zikikatika na vijia vikikauka anakusudia kwenda kwa miguu mpaka Kiberege, apite vijia vya pembeni kuelekea Mang'ula, kisha arudi, katika siku moja. Mkewe amekwisha kupiga hesabu ya safari hiyo kuliko yeye. Atapanda gari la asubuhi mpaka Kiberege na watoto wawili, madumu ya maji, ndizi, na kipande cha chumvi katika karatasi, akae chini ya mwembe ulio karibu na barabara. Ameniomba nimwazime saa yangu ya mkononi, kwa kuwa simu, asema, itakuwa na mwenyewe, naye anataka kujua amengojeshwa kwa muda gani.